Pamba ya Mtego Haishindiliwi

Sijafikisha miaka thelathini na minne na tayari nastaafu. Wajomba zangu wa Kishapu wamecheka mpaka wakachoka. "Unastaafu nini, hata mvi huna?" Nastaafu kazi ya kutega besi. Muhula ujao naanza kufundisha fizikia sekondari, na ninyi wawili mnaobaki na karakana mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Habari za vyeo mtanisamehe. Karakana yetu ya Kalangalala, hapa Geita mjini, ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa bosi, na mwingine alikuwa mimi.

Niwaambie kwanza kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi hajaielewa. Sauti nene, ya ngoma, ya spika kubwa au ya mwimbaji wa besi, ina mawimbi marefu. Wimbi moja linaweza kuwa na urefu wa sebule nzima. Likigonga ukuta wa saruji hurudi na kukutana na jingine linalokuja. Mahali pengine yanaongezeana na chumba kinanguruma. Hatua moja pembeni yanafutana na husikii kitu. Mtego wa besi ni kitu chochote unachokiweka chumbani, hasa kwenye pembe, ili wimbi lichoke na lisirudi na nguvu ileile. Basi. Mengine yote ni ubishi kuhusu kitu gani kinalichosha vizuri, na mimi ubishi ndio uliokuwa unaniamsha asubuhi.

Nilianzia mgodini, kwa mkandarasi mmoja, nikipima kelele za mashine. Miaka miwili nilitembea na mita mkononi, nikijaza fomu zilizosema kwamba mahali penye kelele pana kelele. Mkataba ulipokwisha sikuwa na kazi wala chumba. Mtu akanielekeza kwa Mama Shija, mshona magodoro ya pamba, kwamba ana chumba cha uani.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ana fimbo mbili nyembamba mikononi, anapiga rundo la pamba mpaka inaruka kama povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Godoro la ngapi kwa ngapi?"

"Sihitaji godoro. Nimeambiwa kuna chumba."

"Kipo. Unafanya kazi gani?"

"Napima kelele."

Fimbo zikasimama. "Kelele inapimwa? Kwa kilo?"

"Kwa desibeli."

"Haya. Na ukishaipima, inapungua?"

Chuo kikuu nilikaa miaka mitatu bila mtu kuniuliza swali hilo.

Ili kufika kwenye chumba changu ilibidi tupite stoo yake, iliyojaa pamba mpaka karibu na mabati. Jirani alikuwa na duka la kuuza redio, na siku hiyo alikuwa anazijaribu zote. Uani muziki ule ulikuwa unatikisa sufuria. Ndani ya stoo niliusikia bado, lakini umekuwa mkavu, kila pigo la ngoma likianza na kuisha papo hapo, bila mkia. Nikasimama. Nikapiga kofi moja. Nikapiga jingine kwenye pembe.

"Unafukuza nini?" Mama Shija akauliza.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza makofi yako mwenyewe. Haya, karibu nyumbani."

"Mama, nani amekwambia uweke pamba hivi?"

"Nani aniambie? Ni stoo. Pamba inakula sauti, kila mshona godoro anajua. Mtoto ukimlaza humu hasikii hata mvua."

Sikumwamini. Sina tabia ya kuamini kitu kwa sababu kila mtu anakijua. Jioni ileile nilileta maikrofoni na kompyuta mpakato, nikapima, na stoo ile ikawa chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupima. Hivyo ndivyo mshona magodoro na mpima kelele walivyoanza kufanya kazi pamoja. Yeye aliniita Profesa. Haikuwa sifa.

Vifaa vyetu mmevirithi, kwa hiyo nivitaje kwa ufupi. Maikrofoni ya kupimia ni ile yenye kichwa kidogo kama penseli. Msiitumie kuimbia, hata mchungaji akiomba. Kompyuta hutoa mlio unaopanda pole pole kutoka chini kabisa, na grafu huonyesha wapi chumba kinanguruma na wapi kinameza. Sindano ndefu ya godoro na uzi wa katani ni za Mama Shija, na zile fimbo mbili pia. Nilizidharau fimbo hizo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Makosa tulifanya. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa ukumbi mdogo wa kanisa. Mifuko ya pamba tuliifunika kwa magunia tuliyoyapata kwa wachuuzi wa dagaa wa Nkome, tukayafua mara tatu. Mara tatu hazikutosha. Jumapili ya kwanza paka walisali pamoja na waumini. Tangu hapo tumetumia kitambaa kipya tu, chepesi, kinachopitisha hewa. Ukikiweka mdomoni unaweza kupumua kupitia hicho. Na pamba inashika moto, msidanganyane. Tulikuwa tunainyunyizia maji yenye boraksi na kuianika siku mbili. Dawa hiyo hupunguza moto, haiuzuii. Waya wa umeme usipite nyuma ya mtego, kamwe.

Sasa niwaeleze kazi iliyonifundisha zaidi ya zote, ya Mama Neema.

Mama Neema ni nesi mstaafu. Mumewe, Mwalimu Petro, alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa amefariki miaka minne kabla hatujaitwa. Aliacha redio ya kaseti, spika mbili kubwa alizoziunda mwenyewe, na kanda moja ya kwaya yake iliyorekodiwa kanisani zamani. Mama Neema alitaka kitu kimoja: kumsikia mumewe akiimba besi kwenye kanda hiyo, pale sebuleni, kwenye kiti chake. Miaka minne alikuwa ameiweka kanda na hakumsikia. Alisikia soprano, akasikia wanaume fulani kwa mbali, halafu mngurumo, halafu hakuna.

Mwanawe Elia, fundi pikipiki mwenye mabega mapana na maneno machache makali, alikuwa na maelezo yake.

"Baba hayumo kwenye kanda hiyo. Siku ile alikuwa mbele anaongoza, haimbi. Hata mimi nimeinakili kwenye simu, besi hamna."

"Simu haina besi," nikamwambia. "Spika yake ni kama kifuniko cha soda."

"Sawa, Profesa." Jina la Mama Shija lilikuwa limeshatutangulia.

Nikachomeka hedifoni kwenye redio nikasikiliza. Besi zilikuwepo, tena wazi. Nikampa Elia. Akasikiliza, uso umekunjamana, akazivua.

"Hao ni besi. Walikuwa wanne. Nani amesema mmoja wao ni baba?"

Swali zuri. Ningeliuliza mimi. Mtu pekee aliyeweza kulijibu alikuwa Mama Neema, na yeye huvaa kifaa cha kusaidia kusikia. Ukimvisha hedifoni juu yake, kinapiga mluzi. Nikamwambia tunaweza kujaribu bila kifaa, tuongeze sauti. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, Petro hakuwahi kuimba ndani ya kichwa changu. Aliimba hapa, kila asubuhi, akivaa viatu. Nitamjua nikimsikia hapa. Na daktari ameniambia masikio haya hayaongezeki, yanapungua. Kwa hiyo msinizungushe."

Masikio ya uzee hupoteza kwanza sauti za juu. Za chini hubaki muda mrefu. Nilimwambia hivyo na niliona ameshika hilo neno "hubaki".

Sebule ilikuwa ya mraba, mita nne kwa nne, kuta za tofali za saruji, sakafu tupu, kiti katikati kabisa. Kama mtu angeniomba nibuni chumba cha kumtesa mwimbaji wa besi, ningechora kile. Upana na urefu vikilingana, mawimbi ya pande zote mbili yanakubaliana makosa. Nilipima, na grafu ikaonyesha mlima mmoja na shimo moja. Wimbo ule, besi yake inakaa zaidi kwenye noti mbili, do na so. Mlima ulikuwa juu ya do, na shimo lilikuwa pale pale kwenye so. Mwimbaji akishuka, chumba kinanguruma mpaka wanne wanakuwa donge moja; akipanda, anatoweka. Miaka minne huyu mama alikuwa anamtafuta mumewe ndani ya shimo.

Jambo la kwanza, na ni la bure: sogeza kiti. Nilikirudisha nyuma nusu mita na shimo likapungua kidogo. Mngurumo haukujali. Mama Neema alikubali nusu mita, si zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo haoni mlango.

Jambo la pili lilikuwa sponji, zile nyeusi zenye vichwa vya piramidi, ambazo kila studio ya Geita inazo kwa sababu kila studio ya kwenye picha inazo. Mteja mmoja aliyebadili ukuta alitupatia zake. Tukazipachika. Sauti za juu zikafa, soprano zikawa kama zimefunikwa blanketi, na besi ikabaki vilevile. Sponji ya vidole vinne kupambana na wimbi la mita nne! Tukazibandua siku ileile.

Jambo la tatu lilikuwa sanduku la mbao: plaiwudi nyembamba juu ya fremu yenye kina cha sentimita kumi na tatu, limezibwa kila upande lisivuje hewa. Uso wake hutikisika na noti moja na kuichosha. Nililipigia hesabu liikamate do, na likaikamata, nikajisifu peke yangu. Lakini sanduku ni kama mbwa aliyefunzwa kumfukuza mwizi mmoja. Kwenye so halikugusa kitu. Ningeweza kuunda jingine la so, halafu jingine la noti iliyo katikati, mpaka Mama Neema akose pa kukaa.

Sufu ya mawe, ile ya nyuzi za mwamba ulioyeyushwa wanayofungia mabomba ya maji moto, ingefaa sana. Nimeipima mahali pengine na ni nzuri kweli. Ila inawasha ngozi, vumbi lake si la kuvuta, na hapa kwetu kuipata ni mpaka ujuane na mtu.

Ikabaki pamba. Mama Shija alikuwa Shinyanga kwa msiba wa shangazi yake, wiki mbili, na mimi nikaona naweza. Nimezaliwa Kishapu. Pamba ndiyo iliyonisomesha. Niliunda fremu nne za pembetatu, za kusimama kwenye pembe toka sakafu mpaka dari, kina chake mkono mzima. Nikajaza pamba iliyochambuliwa, safi, bila mbegu. Halafu nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya: nikavua viatu, nikaingia ndani ya fremu, nikashindilia. Msimu wa mavuno tulikuwa tunatumbukizwa kwenye magunia makubwa, tunakanyaga huku tunaimba, mpaka gunia linasimama kama nguzo. Miguu yangu haikuniuliza. Na kichwa changu kilikubaliana nayo: pamba nyingi zaidi, ulaji zaidi. Niliongeza mara mbili ya nilichopanga.

Tukasimamisha mitego ile. Mama Neema alivaa kitenge kizuri. Elia aliegemea mlango. Nikaweka kanda.

Mngurumo ulipungua kidogo, kwa sababu ya sanduku. Kwenye so, shimo. Mama Neema aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, wimbo mzima. Ulipokwisha alibaki ameinama hivyo hivyo.

"Simsikii," akasema.

"Mama, tumeshasema," Elia akaanza.

"Wewe nyamaza. Sikuambii wewe." Akanigeukia mimi. "Labda ni kweli hakuimba siku ile. Labda mimi ndiye niliyejiwekea hivyo kichwani."

Katika miaka yangu saba ya kazi hii sikuwahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nimefanya jambo baya kuliko kushindwa: nilikuwa nimempa sababu ya kuacha kuamini.

Mama Shija alirudi siku iliyofuata. Nikamweleza yote, na grafu nikamwonyesha, ambayo hakuitazama. Tulipofika sebuleni kwa Mama Neema alikwenda moja kwa moja kwenye mtego wa pembeni, akaugonga kwa vifundo vya vidole. Ukajibu kama mlango.

"Huu umeujaza nini, mawe?"

"Pamba."

"Umeijazaje?"

Akanitazama miguu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ng'wana wa Kishapu! Umeishindilia! Unaipeleka mnadani au unaiweka chumbani?"

"Mama, pamba ikiwa nyingi si ndiyo inakula zaidi?"

"Wewe mtu akikukaba shingo unakula?" Akachomoa sindano, akapasua mshono wa kitambaa, akaingiza mkono. "Tazama. Imekuwa ukuta. Umetoka ukuta mmoja ukajenga mwingine mbele yake."

Alichota kiasi cha ngumi mbili, akakivuta, akakipiga kwa fimbo kwenye sakafu ya Mama Neema mpaka kikawa kama kilo nzima. Akakiweka mdomoni, akapuliza. Akaongeza kidogo, akapuliza tena. Akanipa.

"Puliza. Pumzi ipite, lakini ipite kwa taabu. Ikipita bure, godoro litakuwa bapa baada ya wiki. Isipopita, utalala kwenye ubao. Pale katikati ndipo mtu anapolala."

Mnanijua. Sikukubali hapo hapo. Niliomba siku mbili, nikashona mifuko mitatu: mmoja nimeshindilia kwa miguu, mmoja nimejaza kwa mikono, mmoja amepima yeye kwa mdomo. Nikapima kila mmoja, mara tano, na kubadilisha pembe ili mtu asiniambie ni pembe. Mfuko wa mdomo ulishinda kila mara, tena kwa mbali, na ulikuwa na pamba chini ya nusu ya ule wa miguu. Baadaye, kwenye vitabu, nilikuta kwamba kuna kipimo kamili cha jambo hilo, upinzani wa kitu dhidi ya hewa inayopita, na mtego mnene hutaka upinzani wa wastani, sauti iingie ndani kabisa ndipo ichoke. Ikikuta ugumu mlangoni, inarudi. Kipimo hicho kina mashine yake. Mama Shija alikuwa ametembea nacho mdomoni tangu ana miaka kumi na sita, bila kuhitaji umeme.

Nilipomwonyesha matokeo alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Sasa chambua."

Tulichambua siku tatu, mimi na yeye, uani, fimbo kwa fimbo. Alinifundisha kupiga kwa kifundo cha mkono na siyo kwa bega, na kusikiliza: pamba iliyofunguka vizuri haitoi sauti unapoipiga. Nilipobisha kuhusu mifuko ya chini, kwamba uzito wa juu utaikandamiza, alifikiri, kisha akakata mtego katika visanduku vinne, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na sakafu yake ya wavu. "Hilo umesema," akaniambia. Nimepewa cheti na chuo kikuu kwenye ukumbi wenye mapazia. Sikumbuki vizuri siku ile. Hili nalikumbuka.

Tulirudi kwa Mama Neema Jumamosi asubuhi. Tukaamkiana kwa Kisukuma: mwangaluka, mayu, mwangaluka. Hakuvaa kitenge kizuri safari hii. Alikuwa na kanga ya jikoni na mikono ina unga. Elia alikuja akiwa na kazi, spana mfukoni, akasema anakaa dakika tano. Nilipima kwanza bila kusema kitu. Mlima umeshuka. Shimo limejaa, si lote, lakini vya kutosha mtu kusimama.

"Umeona nini?" Mama Neema akauliza.

"Sisemi, mama. Sikiliza mwenyewe."

Nikaweka kanda. Soprano wakaanza, wakafuata alto na teno, halafu besi wakaingia kwa do, na ile do ikawa noti, si mngurumo. Ilianza na ikaisha. Niliwasikia wanne. Mama Neema alikuwa amefumba macho. Besi wakapanda kwenda so, na so ikaja sebuleni, nzima, kutoka kifuani mwa watu. Watatu wakafika pamoja. Wa nne akafika nyuma yao, nukta moja tu, kama mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.

"Amechelewa," Mama Neema akasema.

Elia, aliyekuwa ameegemea mlango, akageuka kumtazama.

"Hapo. Umesikia? Amechelewa. Kila mara anachelewa hapo, anavuta pumzi ndefu mno. Nimemwambia miaka ishirini." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana jikoni. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa sababu ya unga. "Alikuwa anaongoza na kuimba. Hakuweza kunyamaza, yule."

Ubeti wa pili ukaja. Elia alikuwa ameshaacha mlango. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, anatazama spika, na taratibu akaanza kuifuata besi kwa kuguna tu, mdomo umefungwa, do, do, akijiandaa kupanda.

Mama Neema hakufumbua macho.

"Usichelewe kama baba yako," akamwambia.